Mpini Mwekundu Kando ya Mlango wa Jiko

Mtu akiingia jikoni kwangu kwa mara ya kwanza, macho yake hayatulii kwenye masufuria. Huenda ukutani, kando ya mlango wa nyuma, kwenye kisanduku chekundu chenye mpini wa kuvuta. "Mama, hiki nacho cha nini?" Juu yake nimeandika kwa herufi kubwa: VUTA MOTO UKIWAKA, KISHA TOKA NJE. Yeyote ninayemwajiri, hata kama ni wa kuosha vyombo tu, hashiki sahani kabla sijamsimamisha pale na kumweleza.

Nina mgahawa njia ya kwenda Ihumwa, upande ule ambao Dodoma inakua kuelekea Mji wa Serikali wa Mtumba. Mchana nalisha watumishi, madereva na mafundi wa ujenzi: ugali kwa mlenda, wali maharage, kuku wa kienyeji kutoka Singida, na chipsi kwa wingi. Chipsi ni mafuta, na moto wa mafuta ndio ninaouogopa kuliko moto mwingine wowote.

Sababu ya kuogopa ninayo. Kabla ya kufungua pangu nilikuwa msimamizi wa jiko katika hoteli moja hapa mjini. Ulikuwa wakati wa Bunge la bajeti, vyumba vyote vimejaa, na tulikuwa tunakaanga tangu alfajiri. Mashine ya chipsi ilikuwa ya umeme na themostati yake ilikuwa imekufa. Fundi aliitwa, akakosa spea, akaiunga dairekti ili kazi isisimame. Maana yake mashine ilikuwa inapasha mafuta bila kujua iache lini, na mpikaji ndiye aliyekuwa anaiwasha na kuizima kwa kukadiria. Siku hiyo akaitwa ukumbini kwa ajili ya oda iliyokosewa. Hakukaa sana. Wala hakuwa mzembe, nataka niliseme hilo wazi, maana baadaye lawama zote zilimwangukia yeye.

Mimi niliuona moshi kwanza, mwembamba, wa rangi ya bluu, unapanda bila haraka. Kisha mafuta yakashika. Hapakuwa na kishindo. Uso wote wa mafuta uliwaka mara moja, kama mtu amewasha taa. Kijana wa kumenya viazi alikuwa na ndoo ya maji mkononi, akafanya kile ambacho kila mmoja wetu amelelewa akijua kuhusu moto: akaimwaga.

Sijawahi kusikia sauti kama ile. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo hayakai juu, yanazama. Yakifika chini kwenye mafuta yenye joto la nyuzi zaidi ya 300 yanageuka mvuke palepale, na lita moja ya maji ikiwa mvuke hutanuka hadi kufikia kama lita 1,700. Mvuke huo hauna pa kwenda ila juu, na unapanda na mafuta yanayowaka. Tuliona nguzo ya moto ikigonga dari. Kijana aliungua mikono yote miwili hadi kwenye viwiko.

Mtu akaja na mtungi wa poda, ule mwekundu tuliouzoea, akapiga. Moto ukazimika. Tukashusha pumzi, mmoja akaanza hata kucheka kwa hofu. Halafu, kabla hatujafika mlangoni na majeruhi, mafuta yakawaka tena yenyewe bila mtu kuyagusa. Mtungi wa pili haukuwepo. Na swichi ya mashine, ambayo kama ingezimwa ingetusaidia, ilikuwa ukutani nyuma ya moto. Hapo ndipo moto ulipopanda kwenye hudi, lile bati kubwa la kuvuta moshi, ukakuta uto wa miezi mingi ukiwa umeganda kwenye vichujio na ndani ya bomba. Tuliwaona Zimamoto wakiuzima kutokea juu ya paa.

Nimeyarudia yale mara nyingi kichwani, na kila mara nafika palepale. Kila jambo lililohitajika kufanywa lilikuwa upande wa pili wa moto. Kuzima swichi, kupoza mafuta, kuziba bomba la moshi, yote mkono wa binadamu haukuweza kuyafikia. Ujasiri tulikuwa nao wa kutosha siku ile. Kilichokosekana ni kitu kilichokwisha kukaa kule ndani kikingoja.

Kitu hicho kipo, na si kipya: ni mfumo wa kuzimia moto unaofungwa juu ya majiko, ndio wenye ule mpini mwekundu.

Kwanza mafuta yenyewe. Chipsi hukaangwa kwenye nyuzi 170 hadi 190 hivi. Mafuta yakiendelea kupashwa hutoa moshi, na yakikaribia nyuzi 360 mafuta mengi ya mimea huwaka yenyewe, bila kiberiti wala cheche. Ndiyo maana poda ilitushinda. Poda inakata mwali, lakini haipozi mafuta. Lita ishirini za mafuta yenye joto lile zinabaki na moto wake tumboni, na hewa ikizirudia zinawaka upya. Tena mafuta yaliyokwisha waka mara moja huwaka tena kwa joto la chini kuliko la mwanzo, kwa hiyo mara ya pili ni rahisi zaidi. Na yale tunayoyarudia siku ya tatu, ya nne, yakawa meusi kama chai ya rangi, yanaanza kutoa moshi mapema kuliko mapya. Mimi siku hizi nayamwaga mapema, ingawa bei ya dumu inauma.

Marekani nao walijifunza hilo kwa kuunguza. Zamani mahoteli yao yalikaangia mafuta ya wanyama, na mifumo ya kuzimia moto jikoni ilikuwa ya poda. Walipohamia mafuta ya mimea, yanayowaka kwa joto la juu zaidi, na kununua mashine zenye kuta nene zinazotunza joto, poda ikaanza kushindwa: moto unazimika, kisha unarudi. Ndipo kikaja kipimo kipya kinachoitwa UL 300, kilichoanza Novemba 1994, kinachodai mfumo uzime mafuta na uyazuie yasiwake tena. Nilipolisoma hilo niliwaza madumu ya alizeti yanayopangwa barabarani ukielekea Singida, na yale ya Kibaigwa. Sisi wa kanda ya kati tunakaangia mafuta ya mimea tangu tupate akili. Kwa hiyo kilichowashinda wao kwa poda ndicho tulichonacho jikoni kila siku.

Kilichochukua nafasi ya poda ni dawa ya maji. Fundi aliyekuja kunifungia mfumo aliponitajia vilivyomo, potasiamu kaboneti, potasiamu asetati, nilimwambia anieleze kwa lugha ya jikoni. Akafikiri kidogo, akaniuliza, "Mama, bibi yako alikuwa anasugulia nini sufuria yenye mafuta?"

Majivu. Alikuwa anachota majivu ya kuni, anayalowesha kidogo, anasugua, na ule uto unageuka ute unaoteleza, sufuria inatakata. Majivu ya kuni yana potasiamu kaboneti, na potasiamu hiyo ikikutana na mafuta hufanya sabuni. Akina mama wa vikundi wanaopika sabuni kwa mafuta na kostiki wanafanya kazi ya namna hiyohiyo. Mfumo ulioko juu ya mashine yangu ya chipsi unafanya vilevile, ila kwa sekunde chache: dawa inanyunyizwa kama manyunyu laini juu ya mafuta yanayowaka, inageuza uso wake kuwa povu la sabuni, povu linatanda na kuziba hewa, na maji yaliyomo kwenye dawa yanakuwa mvuke na kuondoka na joto. Mafuta yanapoa chini ya blanketi la sabuni. Nilimwomba fundi arudie maelezo yale mara mbili. Bibi yangu hakusoma darasa hata moja, na alikuwa na kemia hiyo kwenye kiganja chake.

Manyunyu nasisitiza, kwa sababu watu huuliza: kama dawa ina maji, mbona hailipuki kama ile ndoo? Inatoka kwa matone madogo na taratibu, haizami kwa wingi chini ya mafuta. Mitungi ya mkononi ya dawa hii nayo ina mrija mrefu ili usimame mbali na usipige mafuta kwa nguvu. Huo mtungi nao ninao. Ila ni wa pili. Wa kwanza ni ule uliofungwa juu.

Sasa uuangalie ukiwa chini ya hudi yangu. Kuna kebo nyembamba ya chuma iliyokazwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila baada ya nafasi fulani, kebo imeunganishwa kwa kipande kidogo kisichozidi kidole gumba. Mafundi wanakiita fyuzi, ingawa hakihusiani na umeme. Ni vibati viwili vimeshikanishwa kwa lehemu inayoyeyuka kwa joto maalumu. Changu kimepangwa nyuzi 182. Mwali ukipanda, lehemu inayeyuka, vibati vinaachana, kebo inalegea. Kulegea huko ndiko kunakofyatua kila kitu: ndani ya kisanduku, sindano inatoboa chupa ndogo ya gesi, gesi inasukuma dawa kutoka kwenye mtungi, dawa inapita mabombani hadi kwenye nozo, yaani midomo ya kunyunyizia. Nozo nyingine zinaelekea kwenye mashine ya chipsi na majiko, nyingine nyuma ya vichujio, nyingine ndani ya bomba la moshi, palepale moto wa hotelini ulipotukimbilia.

Hakuna umeme unaohitajika kwa lolote kati ya hayo. Hilo ndilo lililonifanya niamue. Umeme ukikatika saa saba mchana, nasi tumewasha taa za chaji, kebo iko palepale imekazwa.

Wakati dawa inatoka, vali ya gesi inajifunga na umeme wa mashine zilizo chini ya hudi unakatwa. Ukiuliza mimi nitasema hii ni nusu ya kazi yote. Kuzima mwali huku chanzo cha joto kinaendelea ni kumsukuma mgonjwa kitandani bila kumpa dawa. Na sasa jambo hili linatuhusu kuliko zamani, maana majiko mengi hapa mjini yametoka kwenye mkaa na kuingia kwenye gesi. Serikali ina Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa mwaka 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Nauunga mkono kwa moyo wote. Mapafu yangu yamekula moshi miaka mingi. Lakini mkaa ukimwagiwa mchanga umekwisha. Gesi ya mitungi inaendelea kuja mpaka mtu aifunge, na kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, ikivuja hutambaa sakafuni na kukaa kwenye pembe. Mitungi yangu iko nje ya ukuta kwenye kizimba cha wavu, na vali inayojifunga iko kwenye bomba linaloingia ndani.

Feni ya kuvuta moshi, kwa kawaida, huachwa iendelee. Wengi hushangaa. Inayozimwa ni ile inayoingiza hewa jikoni.

Na ule mpini mwekundu? Ni kwa ajili ya mtu aliyeona moto kabla fyuzi haijayeyuka. Unalegeza mfumo uleule kwa mkono. Kiwango namba 96 cha NFPA, chama cha Marekani cha kinga ya moto, kinataka uwe kwenye njia ya kutokea, si chini ya mita 3 wala si zaidi ya mita 6 kutoka kwenye majiko. Fundi wa kwanza niliyemwita, kabla ya huyu, alitaka kuuweka karibu na mashine ya chipsi "ili uwe karibu". Nilimkatalia nikikumbuka swichi ya hotelini. Mtu anayekimbia moto asilazimike kuurudia.

Gharama nisiifiche. Pesa ile ningeweza kununua friza mbili kubwa na mashine mpya. Nililipa kwa awamu, na mume wangu alinuna mwezi mzima. Watu wa migahawa jirani waliniambia mtungi wa poda unatosha maana cheti cha Zimamoto wameshapata. Siwezi kugombana na mtu kwenye pesa yake. Ninachoweza ni kumweleza nilichokiona kwa macho yangu: poda ilizima, na moto ukarudi.

Lakini mfumo huu si kitu cha kufunga na kusahau, na hapa ndipo ninapokuwa mkali na vijana wangu. Kila nozo ina kofia ndogo ya kuzuia uto usiingie. Shinikizo la dawa huisukuma yenyewe. Kofia ikidondoka na mtu asiirudishe, tundu linajaa uto, na siku ya siku nozo ile haitoi kitu. Fyuzi nayo ikivikwa tabaka la uto na masizi inachelewa kupata joto. Jumamosi jioni tunafunga mapema, tunateremsha vichujio, tunaviloweka kwa maji ya moto na sabuni, na mmoja anapanda ngazi kuhesabu kofia. Ziko tisa. Anazihesabu kwa sauti.

Bomba la moshi ni kazi ya watu wenye vifaa. Kwa jiko linalokaanga sana, kiwango kile cha NFPA kinataka likaguliwe kila miezi mitatu na kusafishwa likikutwa na uto. Kwa linalotumia mkaa au kuni, kila mwezi. Fikiria basi mahali wanapochoma nyama kwa mkaa chini ya hudi ileile iliyo juu ya mashine ya chipsi, na hapa Dodoma, mji wa wafugaji na wapenda nyama choma, nimeyaona majiko ya namna hiyo si mara moja. Cheche za mkaa zinavutwa na feni moja kwa moja kwenye bomba lililopakwa mafuta. Kiwango kinataka moshi wa mkaa uwe na njia yake peke yake. Mimi jiko la kuchomea nimelitoa uani kabisa, lina banda na dohani yake. Wakati wa upepo wa Julai wachomaji wangu wanalalamika vumbi, nami nimewajengea ukuta wa upande wa kusini mashariki, lakini ndani halirudi.

Kati ya mashine ya chipsi na jiko la gesi nimeweka bati la chuma lililosimama, lenye kimo cha sentimita 20, ili mafuta yakiruka yasikutane na mwali. Bila bati hilo ningetakiwa kuacha nafasi ya sentimita 40, na jiko langu halina nafasi hiyo. Mashine yenyewe nilinunua yenye kidhibiti cha pili cha joto, tofauti na themostati, kinachokata moto mafuta yakifika nyuzi 246. Fundi yeyote akitamka neno dairekti ndani ya jiko hili namlipa nauli arudi kwake.

Kuna dada zangu wa chipsi mayai wa barabarani, wenye karai moja na jiko moja, ambao habari ya mabomba na nozo kwao ni ndoto. Kwao nasema hivi: nunua mfuniko wa bati mpana kuliko karai lako, uweke mkono unapofika bila kupita juu ya mafuta. Mafuta yakishika, zima gesi kama unaifikia, telezesha mfuniko kutokea upande wako, usilinyanyue karai, usimwage maji, na usifunue kuchungulia kabla ya nusu saa. Piga 114.

Mwezi uliopita fundi alikuja kwa ukaguzi wa miezi sita. Alichomoa ile chupa ndogo ya gesi ili dawa isitoke, akatundika fyuzi mpya, kisha akasema mtu avute mpini tuone kama vali inafunga. Nilimchagua binti aliyeanza kazi wiki ile, wa kuosha vyombo. Aliogopa. "Mama, nisije nikaharibu." Nikamwambia avute kama anavyovuta mlango uliokwama. Akavuta kwa mikono miwili, kebo ikalia juu yetu, na majiko yote sita yakazimika kwa pamoja. Sikuwa nimewahi kulisikia jiko langu likiwa kimya saa tano na nusu mchana. Ilibaki sauti ya maharage yakiendelea kutokota kwa joto lake yenyewe, kisha nayo ikapungua, ikaisha. Fundi akaandika kwenye kadi. Kuifungua vali upya na kuwasha majiko moja baada ya jingine kulituchukua muda, na chakula cha mchana kilichelewa karibu dakika arobaini.